Hilux ya Ngamiani: chumvi ilipokula, nyundo ikarudisha

Watu wakikwambia bahari ya Tanga ni tulivu, waitikie kwa adabu, halafu nenda Ngamiani ukaangalie mabati ya magari. Hapo ndipo utajua kwamba bahari ile ina meno. Haikung'ati ukiwa unaogelea Raskazone. Inasubiri urudi nyumbani ukalale, ndipo inapoanza kulitafuna gari lako lililoegeshwa nje. Inatafuna usiku kucha, taratibu, bila kelele.

Leo safu hii haiendi disko wala kwenye harusi ya mtu. Nawapeleka uani kwa baba yangu mdogo, chini ya mwembe, ambako kulikuwa na pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1984. Najua wapo watakaoguna, "Ah, mambo ya mafundi hayo!" Tulia kwanza. Kama wewe ni kijana mwenye ndoto ya kununua mchuma uliotumika, ukapakie magodoro, mchanga au mashabiki wa mpira, basi haya yanakuhusu, tena kwa sana tu.

Mimi nilikwenda kama mjumbe. Watoto wa ukoo tulioko Dar tulikuwa tumechanga milioni moja na laki mbili, na hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Shangazi, ambaye ndiye mweka hazina na waziri mkuu wa ukoo, alitaka pikapu iuzwe kama chuma chakavu, kisha fedha zote zimlipie ada binti ya baba mdogo aliyepata nafasi ya chuo. Baba mdogo alitaka pikapu itengenezwe irudi kazini. Hoja yake ilikuwa fupi: ukiuza gari umelipa ada ya mwaka mmoja, na chuo ni miaka mitatu.

Wote wawili walikuwa na haki, hapo ndipo ugumu ulipo. Mnunuzi wa chuma chakavu alishaahidi kurudi Jumamosi na mizani yake. Mimi nilitumwa nikaangalie kwa macho yangu, kisha niwapigie simu wakubwa kabla mizani haijafika.

NJIA YA MACHUNGWA

Nilipanda basi Jumatano alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Safari ya Dar kwenda Tanga ni kama kilomita 350 hivi ukipita Chalinze. Unapita Msata, unapita Mkata, mpaka Segera, ambako njia inagawanyika. Wa Moshi na Arusha wanaendelea na zao, sisi wa Tanga tunakata kulia kwenda Hale na Muheza. Muheza hata kama umelala utajua umefika, maana machungwa yanaingizwa dirishani kabla hujafumbua macho. Nilinunua mfuko mmoja, nikala yote kabla ya Pongwe. Roho ya mtu wa Dar haijui akiba.

Ukishuka stendi ya Kange na kuingia mjini, kitu cha kwanza kinachokupokea ni baiskeli. Tanga wanaziendesha wazee wa kanzu, akina mama wenye vikapu, wanafunzi, na yule jamaa anayebeba kitanda kizima bila hata kushika usukani vizuri. Kitu cha pili ni mpangilio wa Ngamiani. Mitaa yake ina namba, Barabara ya ngapi na ya ngapi, hivyo mgeni akipotea hapo ameamua mwenyewe kupotea.

Baba mdogo alinipokea na bada kwa samaki wa nazi. Kwa wasiojua, bada ni ugali wa unga wa muhogo, na ukiula kwa mchuzi ule unaweza kusahau ulichotumwa. Nilitoa shikamoo, nikala, nikashushia na maji ya dafu. Ndipo akaniambia, "Haya baba, twende ukamwone mgonjwa."

MGONJWA MWENYEWE

Kwa mbali, mgonjwa alikuwa anang'aa. Rangi nyeupe, mstari mwekundu ubavuni. Nikajiuliza, sasa hapa kinachouzwa chakavu ni kipi? Nikasogea. Chini ya milango rangi ilikuwa imetoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji. Baba mdogo akabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka kucha ikapotea!

Historia yake ni hii. Kwa miaka kadhaa pikapu hiyo ilikuwa ikibeba samaki kutoka Deep Sea, kule wanakoshushia wavuvi, kupeleka Muheza. Samaki wanawekwa kwenye barafu, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye sakafu ya nyuma, yanaingia kwenye kila mkunjo wa bati na kukaa humo. Chuma kikikutana na maji na hewa kinapata kutu, hilo tulifundishwa shule. Chumvi kazi yake ni kuharakisha shughuli. Na kutu ina tabia moja mbaya: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana inaisukuma rangi juu. Ukiona lengelenge kwenye gari, ujue ugonjwa ulishaanza chini zamani, wewe unaonyeshwa matanga tu.

Kilichouma zaidi ni kwamba pikapu hiyo ilikuwa imeshatibiwa. Miaka miwili nyuma baba mdogo aliipeleka gereji moja, jina naliweka kapuni, akalipa fedha nzuri na kuipata baada ya siku nne ikiwa kama mpya. Masika moja tu, mambo yakaanza kufumuka. Kumbe wale jamaa hawakukata kutu. Waliipaka puti juu kwa juu, wakapiga msasa, wakapulizia rangi, basi!

Puti si adui. Ni ule uji mzito unaochanganywa na dawa ya kuugandisha, na kazi yake ni kusawazisha vibonde vidogo. Lakini puti inanyonya unyevu. Ukiipaka juu ya kutu umeifungia kutu chumbani pamoja na maji yake, wapendane humo. Nje kunang'aa, ndani kunaliwa.

SUMAKU HAINA UNAFIKI

Fundi aliyekuja kutusaidia anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Ni mzee mfupi, mikono kama ya mcheza ngumi, maneno yake ya kuhesabu. Hakuleta mashine. Alileta sumaku ndogo, aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, akaifunga kwa kitambaa isikwaruze.

Akaipitisha sumaku kwenye mlango. Juu iling'ang'ania. Katikati iling'ang'ania. Ilipofika chini ikadondoka kama embe bovu. "Hapo," akasema, "hakuna gari. Hapo kuna puti." Akazunguka gari zima hivyo, anachora kwa chaki kila mahali sumaku inapokataa. Alipomaliza, ile Hilux ilikuwa na mistari kama ramani ya nchi nyingi ndogo.

Kijana mwenzangu, hii ikariri. Siku ukienda kununua gari lililotumika, usianze na muziki wala viti. Chukua sumaku. Gonga kwa kiungo cha kidole, usikilize: bati zima linalia, puti nene inanuna. Inua kapeti. Angalia chini ya milango kama vile vitundu vya kutolea maji viko wazi, maana vikizibwa na tope mlango unageuka ndoo na kuoza kuanzia ndani. Muuzaji akikukataza kushika, jua kuna siri.

Alhamisi nzima tulikuwa tunavua ngozi. Nasema tulikuwa, kwa sababu nami nilivishwa barakoa na kupewa brashi ya waya. Vumbi la puti na rangi ya zamani si poda ya mtoto, usilivute. Kwa kila pigo la tindo vipande vya puti vilidondoka, vingine vinene kama kaki. Fundi anasema puti ikizidi milimita mbili tatu, huyo aliyepaka alikuwa anajenga nyumba.

Jioni mgonjwa alikuwa uchi. Sakafu ya nyuma ilikuwa imetoboka hadi unaona kuku wanapita chini. Madigadi ya kushoto yalikuwa kama kitambaa cha kusokotea lasi. Nikamwangalia baba mdogo, naye akatazama pembeni. Simu yangu ikalia: Shangazi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umeona?"

"Nimeona."

"Sasa unangoja nini? Mwambie kaka yangu gari halina haya, lakini mtoto anataka ada."

Nikamwambia anipe mpaka kesho. Fundi alikuwa ameniomba hivyo. Alisema bati ni nguo tu, na nguo hushonwa. Kesho tutaangalia mifupa.

MIFUPA

Hilux ni gari la chasisi. Maana yake, injini, kebini na bodi ya nyuma vimekaa juu ya fremu nzito ya chuma, kama mzigo juu ya mkokoteni. Magari mengi madogo ya siku hizi hayako hivyo: bodi yenyewe ndiyo fremu, ikioza sana umekwisha. Sifa ya ugumu wa Hilux ilifika hadi Uingereza. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kiliifunga moja ya mwaka 1988 ufukweni, bahari ikaja ikaibeba. Walipoipata walihangaika nayo, ikawaka. Watu walishangilia injini. Mimi sasa najiuliza mabati yake yangekuwaje baada ya masika mawili ya Tanga.

Jirani mmoja pale ana Land Rover ya zamani, nayo ina somo lake. Land Rover zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, hivyo bodi zake zikafanywa za aluminiamu. Ya jirani bado ina mwili usio na kutu, unaweza kujitazama. Lakini chasisi yake ya chuma imeoza, imekaa juu ya mawe, na kuku wanatagia ndani. Ngozi nzuri, mgongo umevunjika.

Ijumaa asubuhi fundi akaingia chini ya Hilux na nyundo ndogo. Akaanza mbele kushoto, akagonga. Ngaa! Akasogea. Ngaa! Sisi tumekaa juu ya matofali tunasikiliza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Upande wa kushoto wote ulilia vizuri. Upande wa kulia ngaa, ngaa, ngaa, halafu, karibu na pale springi ya nyuma inaposhikiliwa: pu.

Akagonga tena. Pu.

Hakuna aliyesema kitu. Baba mdogo alitoa kofia yake akaikung'uta, wakati haikuwa na vumbi. Fundi alikaa chini ya gari muda mrefu, anakwangua na kuchokonoa kwa bisibisi. Alipotoka alikuwa amepima kwa kiganja. "Ni ukubwa huu," akasema, akatuonyesha mkono wake. "Umeliwa upande mmoja tu wa boksi la chuma. Ningekuta pande zote mbili, au kama ungefika kwenye kona ya kulia na kushoto, ningekwambia uza leo leo, usingoje Jumamosi. Springi ikiachia ukiwa na mzigo na abiria, utakuwa umeua watu. Hapa panakatwa, panawekwa chuma kipya chenye unene uleule, na kingine cha kukizunguka. Lakini mjue, hicho ndicho kitakula fedha ya kwanza. Rangi mtaisahau kwa sasa."

Nikapiga simu Dar, nikaweka sauti ya nje. Nilisema nilichokiona, bila kuongeza chumvi, maana chumvi ilikuwa imeshatosha. Shangazi aliuliza maswali kumliko wakili. Mwisho akataka kuongea na fundi mwenyewe.

"Fundi, hili gari lako ungempakia mwanao?"

Fundi akakaa kimya kidogo. "Sasa hivi, hapana. Nikimaliza hiyo chasisi, ndiyo."

Shangazi akavuta pumzi tuliyoisikia hadi Ngamiani. Uamuzi wake ulikuwa hivi: laki nne zinakwenda kwenye ada ya kuanzia, laki nane zinabaki kwa gari, na fundi analipwa kwa hatua. Chasisi ikiisha apigwe picha, alipwe. Bati likiisha, picha, alipwe. Hakuna picha, hakuna mshiko. Jumamosi mnunuzi alipokuja na mizani yake alipewa kahawa na kashata, pamoja na vipande vyote vya bati lililooza. Akavipima, akalipa, akaondoka akisema atapita tena mwaka ujao. Baba mdogo alimjibu, "Karibu, lakini kwa kahawa tu."

KUREJESHA NGOZI

Kabla ya kuchomelea, walitoa betri, wakashusha tangi la mafuta na kulipeleka mbali, wakaweka ndoo ya mchanga karibu. Kazi ya uani si kisingizio cha kuunguza nyumba.

Baba mdogo alipendekeza watumie bati la kuezekea lililobaki. Fundi akakataa katakata. Bati lile ni jembamba, na lina ngozi ya zinki ambayo ukiichoma moshi wake unaweza kukulaza na homa usiku kucha. Wakanunua bati jeusi la milimita moja. Kila kilichooza kilikatwa mpaka kufika kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu liliongezeka mara mbili. Hapo ndipo wengi wanaogopa. Tundu la kidole likigeuka la sahani unaona kama unaharibu. Lakini ukichomelea kwenye bati lililoanza kuliwa, umeshona kiraka kwenye karatasi iliyolowa.

Kuchomelea nako kuna siri. Huendi moja kwa moja kama unaandika. Unachoma nukta hapa, nukta kule upande wa pili, unaacha papoe, unarudi. Ukilipa bati moto mwingi mahali pamoja linajikunja kama chapati. Na panapobonyea, fundi anashika chuma kizito kwa nyuma, anagonga kwa nyundo nyepesi mbele, kidogo kidogo, huku akipapasa kwa kiganja kwani macho hudanganywa na mwanga.

Niliporudi Tanga baada ya wiki saba, nilikuta milango imeshapakwa praima ya kijivu. Wakaniambia sheria ya mji ule: chuma kilichosuguliwa kikawa cheupe hakilali bila praima, hata siku moja. Ukikiacha usiku mmoja kwenye upepo wa bahari, asubuhi kimevaa ukungu wa kahawia. Tena usikishike kwa mkono mtupu, jasho nalo ni chumvi.

Puti ilitumika, ndiyo, lakini nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Dawa ya kugandisha ni kidogo sana, kama sehemu mbili kwa mia, na kwa joto la Tanga una dakika chache tu kabla haijawa jiwe kwenye kibao chako. Halafu msasa: namba 80 kwanza, 180, kisha 400 na maji. Mkono wangu ulivimba, lakini nilijua kila sentimita ya ule mlango kuliko ninavyojua uso wangu.

Rangi ilipulizwa saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo haujaamka. Unyevu ukizidi, rangi inafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Uwanja ulimwagiwa maji vumbi litulie, kuku wakafungiwa, watoto wakapelekwa kwa jirani. Vioo vilizibwa kwa magazeti, na nilipoangalia vizuri kioo cha mbele, nikakuta safu ya mapenzi ya gazeti letu hili hili imebandikwa hapo, swali limepuliziwa nyeupe, jibu limesalimika.

Ndani ya mikunjo ya milango na chini ya sakafu, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeangalia, fundi alipaka grisi. Hapo alitumia muda mrefu kuliko alipokuwa anang'arisha boneti.

SASA IPO KAZINI

Je, inafanana na mpya? Hapana. Ukiitazama kwa ubavu jua likiwa limelala, utaona mawimbi mawili matatu kwenye mlango wa kulia. Fundi aliyaona kabla yangu. Akasema angeweza kuyajaza puti yakapotea, lakini akapenda kuyaacha, kwa sababu hilo ni bati na litabaki bati.

Hilux inabeba machungwa kutoka Muheza sasa. Samaki inabeba kwa masharti: wanakaa ndani ya makasha ya plastiki yenye mpira wa kutolea maji nje, na kila jioni gari linaoshwa kwa maji baridi, tena chini kuliko juu. Binti alianza chuo. Shangazi bado anatumiwa picha kila mwezi, safari hii za chini ya gari, na anazikagua kweli.

Kwa hiyo mshikaji, ukiambiwa kuna pikapu bomba inauzwa bei poa Sinza au Mbagala, imepakwa rangi juzi tu, usikimbilie kutoa hela. Nenda na sumaku mfukoni, ukamuulize muuzaji picha za kabla ya rangi. Kwa leo naishia hapa. Alamsiki.